Kidole Kwanza

Hilja,
asubuhi hii nimechomeka kidole udongoni,
hadi kiungo cha pili, kama ulivyonifunza.
Kimetoka kikavu, kimevaa vumbi jeusi,
kama nilivyokuwa mimi nikitoka zamu ya usiku mgodini
nawe ukinizuia mlangoni: "Viatu!"

Nikiri sasa.
Baada ya mazishi niliinywesha mimea yako kila nilipokukumbuka,
nami nilikukumbuka asubuhi,
nikakukumbuka mchana,
usiku nikaamka na jagi mkononi.
Kangaga likaoza. Okidi zikalegea shingo.
Mpira ukapukutisha majani moja moja sebuleni,
pap,
kama mtu anayetupa karata mezani bila kusema neno.

Gunvor wa ghorofa ya chini ndiye aliyekuja, akainama, akanusa chungu.
"Raimo," akasema, "unaua kwa huruma."
Akatandaza gazeti, akaing'oa mizizi,
ya kahawia, laini kama tambi zilizosahaulika jikoni,
akaikata kwa mkasi wako wa samaki
(samahani, nimeshauosha).
Kisha akaandika kwenye kalenda: JUMATANO TU.
Nikawa mtu wa Jumatano.

Lililopona ni lile jitu lako, monstera,
ulilolileta likiwa kijiti na jani moja
ndani ya chupa ya jemu, mwaka aliozaliwa Pirjo.
Lilikuwa limefika dari, likakata kona, likaelekea jikoni
kama mgeni aliyesikia harufu ya kahawa.
Gunvor anasema kwao ni misitu ya mvua,
na majani hutoboka ili mwanga uwafikie walio chini.
Mwanga gani, nikamuuliza.
Hapa Kiruna Desemba jua halichungulii hata kwa adabu.
Akanyoosha kidole kwenye ile taa ya waridi
uliyoinunua kwa pesa za meno yangu.

Halafu barua.
Madini yamepita chini ya mtaa wetu, ardhi inatitia,
nyumba zote za upande huu zibomolewe.
Miaka thelathini na mmoja nilichimba kule chini
sikujua nachimba kuelekea kitandani kwetu.

Siku ya kuhama ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Vijana wa lori wakapima mlango,
wakapima mmea,
wakanitazama.
Nikachukua kisu cha mkate.
Gunvor alishika shina, mimi nikakata chini ya kila kifundo
palipochomoza mzizi wa hewani,
na kila kipande kilitoa chozi la maji kwenye kapeti
ambalo sikulipangusa, maana kapeti lenyewe lilikuwa la kutupwa.
Vipande saba.
Kimoja alichukua Gunvor.
Kimoja kijana wa lori, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi,
alikitia ndani ya koti lake
akavuta zipu hadi kidevuni,
akashuka ngazi taratibu kama aliyebeba mtoto mchanga.
Vitano nilivifunga blanketi la sufi na chupa ya maji moto,
nikavipakata kwenye lori hadi mji mpya,
bila kufunga mkanda. Usimwambie Pirjo.

Vitatu vilikufa.
Nakwambia tu, sikufichi.
Viwili vimeota, viko dirishani mwa mashariki,
dirisha kubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo,
na halina mapazia bado kwa sababu sijui uliyapimaje.
Jana mmoja umefungua jani jipya, kijani cha pilipili mbichi,
zima, bila tundu hata moja.
Nikaogopa, nikampigia Gunvor.
Akacheka. "Matundu huja na umri, Raimo."

Leo ni Jumanne.
Kalenda inakataa.
Lakini kidole kimetoka kikavu,
na wewe ulisema kidole kwanza.
Naenda kujaza jagi.